Maswali ya Wasomaji: Ulimi wa Mheshimiwa Unapoteleza

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu viongozi wanaokwama, wanaochanganya majina au wanaosema kinyume cha walichokusudia wakiwa jukwaani. Barua zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Siaya na kwingineko. Vichekesho ni vingi, lakini tumechagua zile barua zinazouliza kwa nini jambo hili hutokea, namna ya kulizuia na la kufanya likishatokea.

Mhadhiri wetu anasema ulimi hautelezi ovyo, unateleza kwa kanuni. Kanuni zenyewe ni zipi, na je, zinahusu Kiswahili au ni za lugha za Ulaya tu? (Mwanafunzi wa isimu, Kakamega)

Mhadhiri wako yuko sahihi. Mwaka 1895 Rudolf Meringer na Karl Mayer walichapisha mkusanyo wa makosa ya kuzungumza ya watu wanaosema Kijerumani, na mwaka 1971 mwanaisimu Victoria Fromkin wa Marekani akaonyesha kwamba makosa ya aina hiyo ni ushahidi wa jinsi ubongo unavyoipanga sentensi kabla mdomo haujafunguka. Sentensi hupangwa mapema kuliko inavyotamkwa, kwa hiyo vipande vyake vinangoja foleni pamoja. Mchovu au mwenye haraka huchomoa kipande kisicho zamu yake.

Tazama mifano hii, ambayo tumeitunga wenyewe bila kumnukuu mtu. Anayetaka kusema "kura za siri" anaweza kusema "sura za kiri". Konsonanti ya mwanzo wa neno moja imebadilishana na ya mwanzo wa neno jingine, na irabu zimebaki mahali pake. Hiyo ni kanuni ya kwanza: mwanzo hubadilishana na mwanzo, ni nadra mwanzo ubadilishane na katikati. Anayesema "larabara ya lami" ameirukia sauti iliyo mbele kabla ya wakati wake. Anayesema "shule ya ushili" ameing'ang'ania sauti iliyokwisha kupita. Naye aliyesita kati ya "nawasihi" na "nawaomba" huishia "nawasomba", na ukizingatia malori ya siku ya kupiga kura, umati hautamwachia hilo. "Misunderestimated" ya George W. Bush, mwaka 2000, ilizaliwa hivyo hivyo: vitenzi viwili vya Kiingereza, cha kuelewa vibaya na cha kudharau uwezo wa mtu, vilitoka mlangoni pamoja.

Aina ya mwisho ndiyo inayowaponza wakubwa zaidi: neno zima kuchukua nafasi ya neno jirani. Nchi huchukua nafasi ya nchi, mtu nafasi ya mtu, idadi nafasi ya idadi. Mei 2022, akiwa Dallas, Bush huyo huyo alilaani uvamizi wa kikatili wa Iraki, kisha akajirekebisha kuwa alimaanisha Ukraine. Rais aliyeamuru vita vya Iraki mwaka 2003 alikuwa ameliweka neno "uvamizi" karibu na jina hilo kwa miaka mingi.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na hapa wanafunzi wetu wana shamba ambalo bado halijalimwa vya kutosha. Kinyume cha kitenzi chetu mara nyingi hujengwa kwa kupachika sauti ndogo tu: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Sigmund Freud, mwaka 1901, alikisimulia kisa cha spika wa bunge la Austria aliyesimama kufungua kikao akatangaza kwamba kimefungwa. Spika wa bunge la kaunti anayesema "nakifunga kikao hiki" amekosa silabi moja tu. Freud aliamini kosa kama hilo hufichua tamaa ya moyoni. Sisi tunasimama na wanaisimu: maneno ya kinyume hukaa jirani akilini, na jirani ndiye anayeitika ukiita bila kuangalia.

Angalia pia kauli ya kutendea. "Mnipigie kura" ikipoteza silabi moja inakuwa "mnipige kura", na "nilipigiwa" inakuwa "nilipigwa". Ukifanya utafiti, usikusanye makosa kwa kumbukumbu. Rekodi, andika sentensi nzima kabla na baada ya kosa, na uandike msemaji alikusudia nini. Kosa lisilo na sentensi yake halina faida kwa mtafiti.

Ninafunga mitambo ya sauti katika mikutano ya hadhara. Mwanasiasa mmoja analalamika kwamba rekodi yetu inamwonyesha akisema "tutawasahau", naye anaapa alisema "hatutawasahau". Kosa ni la nani? (Fundi wa sauti, Nakuru)

Huenda ni lenu. Ukanushi wetu unakaa mwanzoni kabisa mwa kitenzi, tena kwa sauti dhaifu. "Ha" ni pumzi na irabu. Ikitanguliwa na kimya, mtambo wenye geti la kelele, yaani kifaa kinachonyamazisha maiki mpaka sauti ya kutosha isikike, huwa umejifunga, na mpaka geti lifunguke ile "ha" imeshapita. Wanaozungumza Kiingereza hawaumizwi hivi, kwa sababu neno lao la kukanusha hukaa katikati ya sentensi, geti likiwa limefunguka zamani.

Kwanza sikiliza rekodi za simu za watu waliokuwa mbele ya jukwaa bila kutegemea spika zenu. Kama "ha" inasikika humo, msemaji hana hatia. Kisha zima geti kwenye chaneli ya hotuba, au kama uwanja una kelele nyingi, shusha kizingiti chake mpaka pumzi ya kawaida ilifungue, weka muda wa kufunguka chini ya milisekunde 5, na muda wa kushikilia usipungue milisekunde 300. Kivishe kipaza sauti sponji kuzuia upepo. Mwonyeshe msemaji umbali: vidole vinne kutoka mdomoni, asikisogeze anapogeuka kumsalimia mtu.

Swichi ya maiki ya mkononi ni adui mwingine. Msemaji huibonyeza na kuanza kusema papo hapo, na maiki nyingi zisizo na waya huchelewa kidogo kuamka. Funika swichi kwa utepe, uiwashe wewe mwenyewe kwenye miksa.

Msemaji naye ana la kufanya, na ni rahisi. Asianze sentensi ya ahadi kwa kitenzi kikanushi. Aseme "Kamwe hatutawasahau" au "Sisi watu wa Nakuru hatutawasahau". Vivyo hivyo kwa "sitawaacha", ambayo masikioni mwa umati wa mbali haitofautiani sana na "nitawaacha".

Ninamwandikia hotuba mwakilishi wadi. Akizungumza bila karatasi hana shida, lakini nikimpa hotuba anajikwaa kila aya, hasa kwenye tarakimu. Nimfanyie nini? (Mwandishi wa hotuba, Kisumu)

Huenda unamwandikia macho wakati inakupasa kumwandikia mdomo. Anza na tarakimu, maana hapo wengi huangukia. Oktoba 2015 Jacob Zuma, akiwa Rais wa Afrika Kusini, alizunguka na kurudi mara kadhaa mbele ya wajumbe wa chama chake akijaribu kuitamka idadi ya wanachama, 769,870, na video hiyo inazunguka hadi leo. Mtu anayeona tarakimu sita hulazimika kufanya hesabu huku anazungumza. Katika Kiswahili kazi ni nzito zaidi, kwa kuwa tuna "elfu mia tatu", "mia tatu elfu" na "laki tatu" kwa idadi ile ile, na msomaji anapaswa kuchagua moja papo kwa papo. Mchagulie wewe. Usiandike "sh. 4,375,600". Andika "zaidi kidogo ya shilingi milioni nne", na tarakimu kamili iache kwenye nakala ya waandishi wa habari. Kama ni lazima aitaje yote, iandike kwa maneno, ikatwe kwa mistari mitatu.

Saa nazo ziandike kwa maneno ya Kiswahili. Ofisi ikikutumia ratiba ya Kiingereza yenye "2.00 pm", usiiache ilivyo. Atasoma "saa mbili" na watu watafika uwanjani asubuhi. Andika "saa nane mchana".

Sasa karatasi yenyewe. Chapisha upande mmoja tu, herufi za ukubwa wa 18, nafasi ya mistari iwe 1.5 au zaidi. Theluthi ya chini ya ukurasa iache wazi, ili asiinamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua na sauti ififie. Kila ukurasa uishie kwenye nukta. Sentensi isivuke kwenda ukurasa wa pili. Namba ya ukurasa iwe kubwa, juu kulia. Kwenye upepo wa ziwani tumia faili la pete, karatasi zisipeperuke. Novemba 2021 Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipoteza mahali alipofika akihutubia wafanyabiashara, akawa anapekua karatasi huku akiomba radhi, na magazeti yakaandika kimya hicho kuliko hotuba yenyewe. Dawa ya kukariri kila kitu nayo ina hatari yake. Ed Miliband, kiongozi wa chama cha Labour, alihutubia mkutano wa chama mwaka 2014 bila karatasi na akasahau kabisa sehemu ya nakisi ya bajeti, suala ambalo wapinzani wake walikuwa wakimsubiria.

Urefu: hesabu maneno 100 kwa dakika. Hotuba ya dakika 10 iandikwe kwa maneno 800, maana makofi na vigelegele vina muda wake.

Mwisho, isome mwenyewe kwa sauti ya mkutanoni kabla ya kumpa. Popote ulimi wako unapokwama, wake utakwama mara mbili. Maneno kama "waliowawezesha wawekezaji wawasili" hayana kosa la sarufi, lakini sauti ya "wa" imerundikana mpaka ulimi unapoteza hesabu. Andika "watu waliosaidia kuwaleta wawekezaji". Vitenzi virefu vya "zisizotekelezeka" na "yatakayowanufaisha" vivunje. Kisha mpe hotuba jioni ya kuamkia siku hiyo, si ndani ya gari mkiwa Kondele.

Ni kweli Obama aliapishwa mara mbili kwa sababu alikosea kiapo? Hapa kijijini tunabishana. (Msomaji, Kogelo, Siaya)

Aliapishwa mara mbili, ndiyo, lakini wa kwanza kuyakosea maneno hakuwa yeye. Tarehe 20 Januari 2009 Jaji Mkuu John Roberts alimwapisha kwa kumbukumbu, bila kadi. Obama alianza kurudia kabla Jaji hajamaliza kipande cha kwanza, mdundo ukaharibika, na Jaji akaliweka neno "kwa uaminifu" mwishoni mwa sentensi badala ya mahali pake. Obama alisita, kwa kuwa alikijua kiapo kilivyo, kisha akafuata mpangilio uliokosewa. Kiapo hicho kina maneno 35 yaliyoandikwa katika katiba yenyewe, kwa hiyo kesho yake jioni walikirudia Ikulu kwa utulivu, ili asitokee wa kuhoji uhalali wake.

Anayewaapisha viongozi wa chama cha ushirika au wa kanisa achukue funzo dogo: kadi mkononi hata kama unakijua kiapo, vipande vya maneno manne hadi sita, na mkubaliane mapema kila kipande kinaishia wapi.

Kosa ambalo ni la Obama mwenyewe ni la Mei 2008 huko Beaverton, Oregon, aliposema amezuru majimbo 57 na kubaki moja. Marekani ina majimbo 50. Alitaka kusema 47, na hesabu yenyewe inathibitisha, kwa kuwa papo hapo alizitaja Alaska na Hawaii kama alizoshindwa kufika: 47, na moja, na mbili, ni 50. Ile hamsini iliyokuwa kichwani ndiyo iliyoingia mdomoni.

Nimesikia kwamba Rais Kennedy aliwaambia Wajerumani yeye ni andazi. Ni kweli? (Mama Mwalimu, Bungoma)

Si kweli, Mwalimu. Tarehe 26 Juni 1963, Kennedy alisema "Ich bin ein Berliner" mbele ya umati mkubwa wa Berlin Magharibi, na sarufi yake ilikuwa sahihi kwa mtu ambaye si mzaliwa wa Berlin ila anajihesabu mmoja wao. Kuna andazi la jamu linaloitwa hivyo katika sehemu nyingine za Ujerumani, lakini watu wa Berlin wenyewe huliita jina jingine. Umati ulishangilia, na walimwelewa vizuri.

Kinachofaa kuigwa ni karatasi yake. Kennedy hakuwa mjuzi wa lugha za kigeni, kwa hiyo aliyaandika maneno hayo kwa tahajia ya masikio yake ya Kiingereza, si kwa tahajia ya Kijerumani. Kiongozi anayekuja Bungoma na kutaka kusema "Mulembe", au anayekwenda Kisumu na kutaka kusema "Amosou", afanye hivyo hivyo: salamu moja tu, aiandike anavyoisikia, na mwenyeji wa lugha amsikilize akiitamka kabla hajapanda jukwaani. Akiongeza sentensi ya pili amejitafutia.

Na akitumia mkalimani, ampe hotuba siku moja kabla. Desemba 1977 Jimmy Carter alipotua Warsaw, mkalimani wake aliwaambia Wapolandi maneno yaliyosikika kama Rais ameihama Marekani moja kwa moja, na matarajio ya wananchi ambayo Carter alitaka kuyajua yakageuka kuwa tamaa za mwilini. Sentensi fupi, zisizo na mafumbo, humwokoa mkalimani na anayetafsiriwa.

Mjomba wangu anagombea udiwani. Kila akisema "kura" inasikika "kula", au kinyume chake, na vijana wanamrekodi. Tumrekebisheje? (Mpwa wa mgombea, Njoro)

Kwanza tukubaliane kwamba hilo si kuteleza. Kuteleza ni kukosa unachoweza kukisema. Mjomba wako anasema kama lugha yake ya kwanza ilivyomlea. Gikuyu na Ekegusii, kwa mfano, zina "r" lakini hazina "l" ya Kiswahili. Anayekata vipande vya lafudhi ya mtu na kuvisambaza kama vioja anaicheka jamii nzima iliyomlea mzee huyo, na redio inayofanya hivyo inakosea.

Kama mwenyewe anataka kujifunza, inawezekana. Kwenye "l" ncha ya ulimi inagusa ufizi wa juu na kubaki pale, hewa ikipita pembeni. Kwenye "r" inagonga mara moja na kuachia. Afanye jozi: kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu, mbari na mbali. Dakika 10 kila asubuhi, polepole, kwa kujirekodi na kujisikiliza, majuma kadhaa. Asianze wiki ya mwisho ya kampeni. Mtu anayeulinda ulimi wake katikati ya hotuba hupoteza mawazo, na hapo ndipo makosa ya kweli yanapomjia.

Na kama hataki, mwacheni azungumze. Wapigakura wa Njoro wanamwelewa.

Waziri aliyesema mwaka 2022 kwamba si vibaya kuongeza vyakula vya GMO, yaani vya mimea iliyobadilishwa jeni, kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kutuua, je, ulimi uliteleza? (Mkulima wa mahindi, Lugari)

Hapana. Moses Kuria, akiwa Waziri wa Biashara Novemba 2022, alijenga hoja nzima: kwamba kuwa katika nchi hii tayari ni kuwa mtarajiwa wa kifo, vitu vinavyotuua ni vingi, kwa hiyo kimoja zaidi si neno. Kuteleza kwa ulimi hutambulika kwa ufupi wake. Ni sauti, neno au jina moja, halilingani na sentensi iliyolizunguka, na mara nyingi msemaji hulishtukia mwenyewe. Kauli yenye mwanzo, kati na mwisho ni kauli. Unaweza kuiita mzaha mbaya, lakini usiupe ulimi mzigo wa kichwa.

Huku kwetu maneno ya jukwaani yamewahi kumwaga damu. Kiongozi akisema neno la chuki kisha adai ulimi uliteleza, sheria inasemaje? (Mjumbe wa kamati ya amani, Molo)

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 13, haiangalii nia peke yake. Mtu hukosea akitumia maneno ya vitisho au matusi kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au pale ambapo, kwa kuangalia mazingira yote, chuki hiyo ina uwezekano wa kuchochewa. Kwa hiyo "sikukusudia" haimalizi kesi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Neno "madoadoa" linaonyesha uzito wa mazingira. Mithika Linturi, akiwa Seneta wa Meru, alilitumia katika mkutano wa Eldoret tarehe 8 Januari 2022, akakamatwa na kufikishwa mahakamani Nakuru. Alieleza kwamba alimaanisha wagombea wa vyama vingine. Kwingine labda maelezo hayo yangepokewa kirahisi, lakini katika Bonde la Ufa neno hilo lilitumika kuwatambulisha watu wa kufukuzwa tangu machafuko ya miaka ya 1990, na wakazi wa Molo wanalijua kwa makaburi na mashamba yaliyoachwa. Aprili mwaka huo huo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC) ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya uchochezi.

Kauli inaweza pia kumgharimu mtu cheo. Matamshi ya Rigathi Gachagua kwamba serikali ni kampuni yenye wenye hisa yalikuwa miongoni mwa hoja za kumwondoa kwenye unaibu wa rais, na Seneti ikamwondoa Oktoba 2024.

Kamati yenu ikipokea malalamiko, iandike maneno kamili katika lugha yaliyotamkwa, mahali, tarehe na saa, na ihifadhi rekodi nzima bila kuikata. Tafsiri iwekwe kando ya maneno ya asili, isichukue nafasi yake. Kesi hizi hulegea kwa kukosa rekodi kamili.

Je, maiki iliyozimwa inaweza kusikika? (Mtangazaji chipukizi, Busia)

Inaweza. Kuzimwa kwenye miksa ya ukumbi hakuzuii sauti kufika kwa kituo cha televisheni kilichofunga kipokezi chake. Gordon Brown, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliingia garini Rochdale tarehe 28 Aprili 2010 akiwa bado na maiki ya televisheni kwenye kola, akamwita mpigakura aliyetoka kuzungumza naye mwanamke mwenye chuki, na siku nane baadaye ukawa uchaguzi. Ronald Reagan, Agosti 1984, alifanya mzaha wakati wa kujaribu sauti kwamba mabomu yangeanza kuangushwa Urusi baada ya dakika tano. Haukurushwa hewani, lakini ulivuja.

Msaidizi aivue maiki pamoja na kisambazi chake cha kiunoni kabla kiongozi hajainuka kitini. Na wa kujaribu sauti aulizwe amekula nini asubuhi. Jibu la chai na mkate halijawahi kuangusha serikali.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kila siku inaletwa nukuu ya kuchekesha ya rais fulani. Nitajuaje ipi ni ya kweli? (Msimamizi wa kundi, Vihiga)

Anza kwa kutafuta tarehe na mahali. Nukuu nyingi zinazobandikwa kwenye picha ya Robert Mugabe hazina hata kimoja. Linganisha mambo mawili yanayosemwa kuhusu Dan Quayle, Makamu wa Rais wa Marekani. Kwamba alimwongezea mwanafunzi herufi "e" isiyohitajika kwenye neno la Kiingereza la kiazi ni kweli: ilikuwa Trenton, New Jersey, Juni 1992, mbele ya kamera. Kwamba alijuta kutosoma Kilatini kabla ya kuzuru Amerika ya Kilatini ni uongo: ulikuwa mzaha wa mbunge mwenzake wa chama, Claudine Schneider, mwaka 1989, na watu wakauamini kwa sababu ulimkaa.

Kama ni video, tafuta rekodi ndefu na usikilize dakika nzima kabla na baada. Sikiliza kelele za nyuma: zikikatika ghafla au kuruka, pamekatwa. Angalia kama msemaji alijirekebisha sekunde inayofuata, maana wengi hukata hapo hapo. Tarehe 11 Julai 2024 Joe Biden alimkaribisha Rais Zelensky kwa jina la Putin, kisha akarudi kwenye kipaza sauti na kurekebisha mara moja. Anayesambaza nusu ya kwanza peke yake anapotosha.

Kama ni maneno ya bungeni, soma Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, lakini ujue kwamba nakala ya mtandaoni ni ya kupasha habari tu, na iliyothibitishwa huombwa kwa idara ya Hansard.

Nimeteleza tayari mbele ya watu, na uwanja mzima unacheka. Nifanye nini sekunde hiyo? (Kiongozi wa vijana, Kakamega)

Rekebisha mara moja, kwa sentensi nzima. Usiseme tu "samahani, Zelensky". Rudia kutoka mwanzo: "Namkaribisha Rais Zelensky." Wanaorekodi watapata sentensi safi ya kutumia. Usieleze sababu. David Cameron, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alijitambulisha miaka mingi kama shabiki wa timu ya soka ya Aston Villa, lakini Aprili 2015 akasema West Ham, na maelezo yake ya kwamba akili ilififia yakaipa habari siku ya pili.

Ukisahau kabisa, ruka. Novemba 2011 Rick Perry, aliyekuwa akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, alisema katika mdahalo kwamba angefuta idara tatu za serikali, akazitaja mbili, akaitafuta ya tatu kwa karibu dakika nzima, akashindwa, akasema "Oops". Angesema "na nyingine ambayo nitaitaja baadaye", angepita. Ndiyo maana tunawashauri wasemaji wasitangaze idadi kabla ya kuorodhesha: usiseme "nina mambo matatu", sema "nina mambo ya kuwaambia", kisha yataje utakayoyakumbuka.

Watu wakicheka, subiri kicheko kipite kilele chake ndipo uendelee, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya awali. Ukipandisha sauti juu ya kicheko, sentensi yako inayofuata itapotea nayo.